Maji Matamu, Maji ya Chumvi na Wapiga Upondo wa Florida



Ukurasa huu umezoea habari za viwanda na mashamba. Leo twaeleza kazi ya baharini ambayo wengi wetu hatuijui, kazi ya waongozaji wa wavuvi katika visiwa vya Florida Keys, kusini kabisa mwa Marekani. Mtu aweza kuuliza, matajiri wanaovua kwa kujifurahisha watuhusu nini? Matajiri hatuna haja nao. Haja yetu ni yule anayeshika upondo, na yule aliyekata miwa kiasi cha kilomita 150 kaskazini yake, maana riziki zao zimefungwa na maji yale yale.

Visiwa hivyo vimepangana kama shanga hadi mji wa Key West, vikiunganishwa na barabara ya madaraja mengi, yenye urefu wa kilomita 180 hivi. Kati ya visiwa na bara iko Ghuba ya Florida. Ni pana, lakini mahali pengi ukisimama maji hayapiti kiuno. Huko hula samaki watatu wanaotafutwa sana: bonifishi, mwenye rangi ya fedha na mbio za ajabu, pamiti, wa ukoo mmoja na kolekole wa pwani ya Afrika Mashariki, na taponi, mwenye magamba mapana, anayeweza kupita kilo 100.

Mvuvi hatumii chambo cha kawaida. Ndoana yake imefungwa manyoya na nyuzi ifanane na kamba au kaa mdogo. Kwa kuwa haina uzito, mshipi wenyewe umetengenezwa mnene na mzito, nao huchapwa hewani nyuma na mbele kwa ufito mrefu mpaka unyooke, ndipo ndoana iangushwe mbele ya samaki. Kwa kawaida lazima samaki aonekane kwanza. Mwongozaji husimama nyuma ya boti juu ya jukwaa dogo, mashine imezimwa, akipiga upondo polepole na macho yake majini. Jua likiwaka juu, huona kivuli cha samaki kwa mbali. Wingu likipita, haoni kitu. Upepo ukizidi, mshipi hautupiki na tope huinuka.

Maji yakijaa, bonifishi hupanda kwenye mafungu ya mchanga kutafuta kaa, na yakitoka hushuka. Wenzetu wa Mombasa na Tanga, waliozoea bamvua la mita tatu na zaidi, wangecheka: kule tofauti ya kujaa na kupwa kwa kawaida haifiki mita moja, na sehemu kubwa ya ndani ya ghuba karibu haipo. Lakini shubiri moja yatosha kumleta samaki au kumwondoa.

Taponi hupita kwa wingi tangu Aprili mpaka Juni, maji yanapopata joto. Maji ya kina kifupi hupoa upesi na kuchemka upesi. Januari 2010 baridi kali ilikaa siku nyingi na kuua samaki wengi sana. Tarehe 24 Julai 2023, kipimo kilichowekwa Manatee Bay kilionyesha digrii 38.4, zaidi ya joto la damu ya mtu.

Siku isiyofaa mwongozaji halipwi. Boti ni yake au ya mkopo, petroli ni juu yake, na hakuna mwajiri wa kumdai. Juni mpaka Novemba ni majira ya tufani. Tufani ya tarehe 2 Septemba 1935 iliua zaidi ya watu 400 visiwani, wengi wao askari wa zamani wa Vita Kuu ya Kwanza waliopewa kibarua cha kujenga barabara na madaraja, wakilala katika kambi dhaifu. Garimoshi la kuwaokoa lilichelewa, na mabehewa yake yakapinduliwa na bahari. Jiwe la ukumbusho wao liko Islamorada, na watalii hulipita na fito zao.

Sasa tuje kwenye maji matamu, maana ndiko kwenye ugomvi.

Zamani maji ya Ziwa Okeechobee yalifurika na kutambaa polepole katika majani ya Everglades mpaka ghubani, yakapunguza chumvi. Tufani ya 1928 ilibomoa ukingo wa udongo wa ziwa na kuua watu wapatao 2,500, wengi wao vibarua weusi wa mashambani. Ndipo serikali ikajenga ukingo mkubwa, na baadaye mifereji zaidi ikachimbwa. Kusini mwa ziwa kukawa mashamba, na Marekani ilipoacha kununua sukari ya Cuba mwaka 1960, miwa ilienea mno. Maji ya ziada yakapelekwa baharini mashariki na magharibi. Ghuba ikabaki na kiu.

Waliokata miwa hiyo kwa panga walikuwa maelfu ya watu wa Jamaica na visiwa jirani, wenye vibali vya msimu mmoja tu. Aliyelalamika aliweza kurudishwa kwao. Mwaka 1989 walifungua kesi kudai ujira waliopunjwa, na katikati ya miaka ya 1990 mashine zilikuwa zimeshika nafasi yao. Ninyi wa mashamba ya miwa hamhitaji maelezo zaidi.

Huko ghubani, mwaka 1987 majani ya bahari yalianza kufa, ekari maelfu. Mwaka 2015 baada ya ukame yakafa tena, ekari zipatazo 40,000. Mvua ikikosekana, jua hukausha maji na chumvi huzidi, pengine ikakaribia mara mbili ya ile ya bahari. Maji ya moto yenye chumvi nyingi hayashiki hewa ya kutosha. Majani hukosa pumzi, huoza, na uozo wake huua mengine. Kisha huja ukungu wa kijani majini, kama tuuonao sisi wa kando ya Ziwa Victoria, na mpiga upondo haoni hata ncha ya upondo wake.

Mwaka 2000 Bunge la Marekani lilipitisha mpango wa kurudisha maji kusini. Barabara ya Tamiami, iliyoyazuia tangu 1928, ikainuliwa juu ya madaraja mawili, la kwanza mwaka 2013 na la pili 2019. Lakini liliposemwa wazo la kununua mashamba yafanywe bwawa, wafanyakazi wa miji ya kando ya ziwa, kama Belle Glade, walipinga: shamba likifa, kiwanda kitasaga nini? Waongozaji nao waliuliza, ghuba ikifa, sisi tutakula nini? Sisi twaona wote walikuwa na haki, na aibu ni ya wale waliochimba mifereji bila kuwauliza wote wawili. Sheria ya 2017 ilikataza kuchukua mashamba kwa nguvu, bwawa likapangiwa ardhi ambayo jimbo lilikwisha kuwa nayo. Ni dogo kuliko walilolitaka waongozaji. Kazi ya bwawa lenyewe ilianza mwaka 2023.