Dagaa wa Karema, vidonge vya mafuta na mifupa ya bibi

Na Mwandishi Wetu

BIBI akianguka uani akavunjika nyonga, shamba zima hutetereka. Mtu mmoja huacha jembe amuuguze, mwingine hutafuta nauli ya kwenda hospitali, na gunia la mahindi lililowekwa kungoja bei nzuri huuzwa kwa bei ya hasara. Ndiyo maana habari za mifupa ya wazee zina nafasi katika kurasa hizi za biashara na kilimo.

Ugonjwa wenyewe huitwa osteoporosisi. Mifupa hupungua uzito, ndani yake huwa na matundu mengi, na mwanguko mdogo tu hutosha kuivunja. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, kwa sababu homoni iliyokuwa ikiilinda mifupa yao hupungua. Mkulima ana bahati mbili ambazo mtu wa ofisini hana: jua, linalousaidia mwili kutengeneza vitamini D, na kazi ya kubeba mizigo, inayoukaza mfupa. Lakini jua na jembe havileti kalsiamu, madini yanayoujenga mfupa. Hayo ni lazima yaliwe.

Siku hizi kuna jibu linalouzwa kwenye chupa. Ni vidonge vya rangi ya dhahabu vyenye mafuta ya samaki, yaani omega 3, na wauzaji wengine huwaambia wateja kwamba vinakaza mifupa. Je, ni kweli?

Dai hilo halikutoka hewani. Mwaka 1998 watafiti wa Afrika Kusini walitoa matokeo ya wanawake wazee 65, wengi wao wenye umri wa karibu miaka 80, ambao wote walipewa kalsiamu. Kundi moja liliongezewa mafuta ya samaki pamoja na mafuta ya mbegu za ua moja la nchi za baridi. Baada ya miezi 18 mifupa ya uti wa mgongo ya kundi hilo ilikuwa imebaki kama ilivyokuwa, wakati ya wenzao ilikuwa imepungua kwa asilimia 3.2. Ni habari njema, ila watu ni wachache. Miaka miwili baadaye, Uingereza, mchanganyiko kama huo ulijaribiwa kwa wanawake wenye afya kwa mwaka mzima na haukuonyesha tofauti yoyote.

Kipimo kikubwa zaidi kilitolewa mwaka 2020. Wazee 2,157 wa nchi tano za Ulaya, wenye miaka 70 na zaidi, walifuatiliwa kwa miaka mitatu. Baadhi yao walikuwa wakimeza gramu moja ya omega 3 kila siku. Mifupa iliyovunjika, ukiacha ya uti wa mgongo, haikupungua kwa kiasi cha kutegemewa. Kwa hiyo anayekuuzia chupa hiyo kama dawa ya mifupa anakuuzia matumaini. Mwenye fedha ya ziada na ajinunulie, lakini aliyeuza debe la mahindi ili anunue vidonge angefanya vizuri kupiga hesabu upya.

Na kwa mkazi wa Katavi hesabu hiyo ni rahisi. Zaidi ya kilomita 100 kutoka Mpanda, wavuvi wa Karema na Ikola huingia Ziwa Tanganyika usiku wa giza, huwasha taa na kuvuta dagaa. Samaki huyu ana omega 3, na tena huliwa mzima pamoja na mifupa yake, jambo ambalo kidonge cha mafuta hakiwezi. Mafuta hayana kalsiamu. Mfupa wa dagaa ndio wenye kalsiamu. Mwanamke aliyekoma hedhi anashauriwa kupata miligramu 1,300 kwa siku, na dagaa wakavu, hata kwa kiasi cha mboga ya kawaida, hujaza sehemu kubwa ya hizo. Wanaokata vichwa na kuvitupa wanatupa sehemu ya walichokinunua.

Mafuta ya alizeti tunayokamulia mikoani kwetu ni mazuri kwa kupikia, lakini yamejaa omega 6, si omega 3. Hayawezi kushika nafasi ya dagaa.

Bibi asiye na meno? Kaanga dagaa bila mafuta, twanga, chekecha, kisha changanya unga wake kwenye mboga au uji. Dagaa wa chumvi waloweke kwanza na umwage maji, hasa kwa mwenye shinikizo la damu. Na mzee aliyekwisha kuvunjika mfupa kwa mwanguko mdogo apelekwe hospitali, kwani zipo dawa za ugonjwa huu, na dagaa hawachukui nafasi ya dawa hizo.

Sasa tuwageukie wafanyabiashara, maana hapa ndipo fedha hupotea. Karibu robo tatu ya uzito wa dagaa mbichi ni maji, hivyo kilo nne hutoa kilo moja na kidogo. Ukiwaanika mchangani, mteja hununua na mchanga pia. Mvua ikinyesha, huoza. Kichanja cha miti na wavu huwapitishia hewa juu na chini, wakakauka upesi na kubaki na rangi ya fedha. Dagaa waliogeuka kahawia na kuwa na harufu kali mafuta yao yamechacha, na omega 3 ndiyo hutangulia kuharibika. Kalsiamu haichachi, lakini mteja hanunui kwa kupima kalsiamu. Ananusa.

Ghala nalo lina umuhimu wake. Mwaka 2024 uvuvi ulisitishwa ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Katika miezi kama hiyo mwenye mzigo uliokauka barabara, uliofungwa vizuri na kuwekwa juu ya mbao mbali na jua, ndiye mwenye bidhaa ya kuuza. Aliyeweka magunia yenye unyevu hufungua na kukuta ukungu na wadudu.

Anayetaka kwenda mbele zaidi anaweza kusaga unga wa dagaa na kuuza kwenye pakiti ndogo. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa ubora na usalama wa vyakula uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, na SIDO huwaongoza wajasiriamali wadogo katika kuomba alama ya ubora. Kwenye pakiti hiyo andika uzito, tarehe na jina lako. Usiandike kwamba inatibu mifupa.