Kuhara: Kikombe na kijiko huokoa maisha

CHUKUA mfano wa mama anayeishi Mwakingali, mjini Voi. Mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu ameanza kuendesha alfajiri. Kufikia adhuhuri ameendesha mara sita na anatapika. Jirani, kwa nia njema, anamshauri mama asimpe maji wala maziwa "ili tumbo lipumzike." Jioni mtoto amelegea, macho yameingia ndani na akilia hatoi machozi. Hapo ndipo bodaboda inapotafutwa mbio.

Mama huyu anampenda mwanawe. Amekosea jambo moja tu, ambalo wazazi wengi hulikosea: amedhani adui ni kile kinachotoka tumboni. Kinachoua upesi katika kuhara ni upungufu wa maji na chumvi mwilini. Kumnyima mgonjwa maji ni kuusaidia ugonjwa.

Mjini Voi hatari hiyo iko karibu. Eneo hili la Taita Taveta ni la joto na ukame, na maji ya mfereji hutegemea bomba kutoka chemchemi za Mzima. Mfereji ukikauka, watu hununua maji kwa mitungi. Maji yakiwa ghali, jambo la kwanza kusahauliwa ni kunawa mikono.

Somo kutoka kambini

Mwaka wa 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walishikwa na kipindupindu wakiwa kambini Bangaon, nchini India. Maji ya dripu yalikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua wagonjwa wanyweshwe maji yaliyochanganywa sukari na chumvi, na ndugu zao ndio waliowanywesha. Vifo vilivyokuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya 4. Sukari husaidia utumbo kufyonza chumvi, na chumvi huvuta maji, hata wakati mtu anahara.

Muuguzi hutazama nini?

Mtoto akifikishwa hospitalini, iwe ni ile ya rufaa ya Moi mjini Voi au zahanati ya kijijini, muuguzi humpima uzito. Hutazama macho, hali ya fahamu na jinsi anavyokunywa. Hubana ngozi ya tumbo na kuiachilia. Ikichelewa kurudi, maji yamepungua.

Mwenye upungufu wa kadiri hunyweshwa ORS, mililita 75 kwa kila kilo ya uzito, kwa muda wa saa nne. Mtoto wa kilo 10 basi hunywa mililita 750, kidogo kidogo, kisha hupimwa upya. Aliyelegea kabisa asiweze kunywa hutiwa maji kwa mshipa bila kuchelewa. Muuguzi huandika kila kinachoingia na kila kinachotoka.

Nyumbani ufanye nini?

Nunua pakiti ya ORS mara tu kuhara kunapoanza. Soma maandishi: ziko za nusu lita na za lita moja. Ukikosea kipimo unaweza kumdhuru mgonjwa. Tumia maji safi ya kunywa, na yakipita saa 24, mwaga uchanganye mengine.

Kila anapoendesha, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100. Wa miaka miwili hadi kumi, mililita 100 hadi 200. Mtu mzima anywe kadiri awezavyo. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha endelea polepole kwa kijiko.

Usiache kumnyonyesha wala kumlisha. Mtoto aliyekwisha kuanza kula apewe uji, ndizi za kupondwa na chakula laini. Mtoto hupewa pia tembe za zinki kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma: miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi sita.

Epuka soda, kwani sukari nyingi huzidisha kuhara. Usimpe mtoto dawa za kufunga tumbo, wala antibiotiki bila kuagizwa na mhudumu wa afya.

Usingoje kupambazuke

Mkimbize mgonjwa hospitalini ukiona damu katika kinyesi, homa kali, kutapika kusikokoma, usingizi usio wa kawaida, au akishindwa kunywa. Choo kinachofanana na maji ya mchele, kinachotoka kwa wingi, huenda ni kipindupindu. Hata mtu mzima mwenye nguvu anaweza kufa kwa saa chache. Mpe ORS njiani.

Kinga ni bora kuliko tiba. Chemsha maji ya kunywa au yatie dawa ya klorini, funika mtungi, tumia choo, nawa kwa sabuni. Hakikisha mtoto amepata chanjo ya rota, iliyoanza kutolewa nchini Kenya mwaka wa 2014.

Mama wa Mwakingali hakuhitaji mashine. Alihitaji pakiti moja, kikombe, kijiko na subira ya kukaa kando ya mwanawe tangu alfajiri ile. Je, nyumbani kwako pakiti hiyo ipo?