Sahani ya Mkimbiaji

Ukisimama alfajiri kando ya barabara itokayo Eldoret kwenda Eldama Ravine, hapa Plateau, utawaona wakimbiaji wakipita makundi kwa makundi kabla jua halijapanda. (Wanafunzi wangu huniuliza kama mahali hapa paliitwa kwa jina la yule mwanafalsafa wa Uyunani. La hasha! Ni neno la kigeni lenye maana ya uwanda wa juu, na uwanda wenyewe umezidi mita 2,000 kutoka usawa wa bahari.) Baada ya mazoezi baadhi yao huingia katika hoteli ndogo ninamopenda kunywa chai. Juzi nilimsikia msichana mmoja akimwambia mwenzake kwamba ameacha ugali wa jioni ili awe mwepesi.

“Ni kocha aliyekuambia?” akaulizwa.

“Hapana. Lakini si kila mtu anajua?”

Kauli hiyo ilinikumbusha Mike Boit. Wazee wa rika langu na walionizidi wanamjua kwa medali ya shaba ya mita 800 aliyoipata Munich mwaka 1972. Mwaka 1976 mataifa ya Afrika yaliposusia michezo ya Montreal, naye akaikosa Olimpiki akiwa katika kilele cha nguvu zake. Wengi wangalibaki wakiililia bahati hiyo. Boit alisoma hadi shahada ya uzamifu huko Marekani, akarudi kufundisha sayansi ya michezo katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwaka 2004 jina lake lilitokea pamoja na la Vincent Onywera na wenzao juu ya utafiti uliochunguza jambo ambalo kila mtu alidhani analijua, yaani wanachokula wakimbiaji wetu mashuhuri.

Watafiti hao waliwafuatilia wakimbiaji 10 kwa siku 7. Walikuta kwamba asilimia 76.5 ya nishati yao ilitokana na wanga, na mafuta yalichangia asilimia 13.4 tu. Ugali peke yake ulitoa takriban asilimia 23. Na sukari, hasa ile tunayoikoroga katika chai ya maziwa, ilikaribia asilimia 20! Nakiri kwamba niliposoma hapo nilikitazama kikombe changu kwa heshima mpya.

Lakini kuna tarakimu nyingine isiyotajwa sana vijiweni. Kwa siku wakimbiaji hao walikula wastani wa kilokalori 2,987, ilhali walitumia 3,605. Walikula pungufu ya walichotumia, na hao ni watu wazima, mabingwa, walio kambini penye mpishi. Je, msichana wa miaka kumi na saba anayejipikia katika chumba cha kupanga, na ambaye sasa ameacha ugali wa jioni?

Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu upungufu huo wa nishati kwa wanamichezo. Mwili usiopata chakula cha kutosha huanza kubana matumizi: hedhi hupotea, mifupa hudhoofika na hatimaye hupata nyufa. Wavulana nao hawasalimiki. Msichana huweza hata kushinda mbio mbili tatu akiwa katika hali hiyo, na ushindi huo ndio unaompotosha, maana huona kwamba njaa imemfaa.

Nani atamwambia? Makocha wengi ni wanaume, na neno hedhi huwashinda kutamka mbele ya binti wa watu. Mtaalamu wa lishe kutoka mjini atamletea jedwali la Kiingereza lenye vyakula ambavyo duka la Plateau halijawahi kuviuza. Sheria ya mwaka 2007 inayosimamia taaluma ya lishe nchini imeipa kazi hiyo hadhi, ila haikuweza kuipa ulimi.

Neno lishe lenyewe, tukilichambua, limetokana na kitenzi -la kilichonyambuliwa kuwa -lisha. Ndani yake mna mlaji na mna anayemlisha. Huyo wa pili ndiye tunayemkosa. Mwanamke aliyekwisha kukimbia, aliyewahi kulala na njaa kwa kudhani anajenga wepesi, anaweza kukaa na msichana yule juu ya benchi moja, akamweleza kwa Kiswahili au Kikalenjin kwa nini arudishe sahani yake ya kimnyet na kikombe cha mursik, naye akaaminiwa.

Wakimbiaji wanaostaafu hapa kwetu hununua ploti, hulima mahindi, huwa makocha. Vyuo vyetu vya Eldoret navyo vina wajibu. Viwafungulie mlango wa masomo ya lishe wakimbiaji wastaafu, wakiwamo wale ambao mazoezi yaliwapunguzia alama za kidato cha nne, na katika mtihani wa mwisho waambiwe waeleze, kwa lugha ya jikoni, mtu anayekimbia asubuhi na jioni anahitaji kula nini usiku.