Makumbusho ya Tramu ya Kennebunkport

Tramu ya umeme ni behewa la abiria linalopita kwenye reli, aghalabu katikati ya barabara za mji. Nchini Marekani usafiri huo ulishika kasi baada ya mwaka 1888, Frank Sprague alipofanikiwa kuendesha tramu nyingi kwa umeme mjini Richmond, Virginia. Wamarekani huiita pia troli, jina lililotokana na kigurudumu kilicho kwenye ncha ya mlingoti wa juu ya paa. Kigurudumu hicho hubiringika chini ya waya na kuchukua umeme, ambao hushuka hadi kwenye mota na kurudi kupitia reli.

Magari na mabasi yalipoongezeka, njia za tramu zilifungwa moja baada ya nyingine. Mabehewa mengi yaliteketezwa au kuuzwa kama chuma chakavu. Mengine yaligeuzwa mabanda ya kuku na nyumba za mapumziko.

Mwaka 1939 kampuni ya Biddeford and Saco, jimboni Maine, iliziacha tramu na kutumia mabasi. Wapenzi wachache wa reli walichanga fedha wakanunua tramu yake namba 31, iliyoundwa mwaka 1900, kwa dola 150. Ndiyo iliyozaa makumbusho yaitwayo Seashore Trolley Museum, mjini Kennebunkport, ambayo leo yana vyombo zaidi ya 200, vikiwemo vilivyotoka mbali kama Glasgow na Nagasaki.

Kivutio kikuu cha mgeni ni safari yenyewe. Tramu hupita msituni, kwenye tuta la njia ya zamani ya tramu iliyoitwa Atlantic Shore Line. Dereva huzungusha mkono wa kuongeza umeme hatua kwa hatua, maana ukiingia wote kwa mkupuo behewa hushtuka na mota huweza kuungua. Njia inapoishia tramu haigeuzwi: mlingoti huelekezwa upande wa pili, migongo ya viti hulazwa upande mwingine, na dereva huhamia ncha ya pili.

Katika karakana, mgeni huona gharama ya safari hiyo. Behewa lililokaa mvuani kwa miaka huwa na mbao zilizooza na vyuma vilivyoliwa na kutu. Maseremala huchonga mbao mpya kwa kufuata zile za awali, na mafundi umeme husuka mota upya. Rangi hukwanguliwa tabaka kwa tabaka hadi ionekane ile ya kwanza. Kipuri kisichopatikana dukani huundwa upya kwa kufuata michoro ya kale. Kwa kuwa wengi wa mafundi ni watu wa kujitolea, behewa moja huweza kuchukua miaka mingi.

Kazi hiyo huokoa ujuzi pamoja na chombo. Kila tramu inayorudishwa relini huhitaji mtu wa kusuka mota zake, wa kuikarabati na wa kuiendesha, na vijana hujifunza kazi hizo kwa mikono yao.