Mashine Haijafa: Nyaya Ndogo za Mbele ya Kompyuta

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Methali hii ya wazee yafaa hata kwa vyombo vya siku hizi, maana ndani ya kompyuta ya mezani mna nyaya nyembamba kama uzi, ambazo mtu akizidharau hupata hasara kubwa.

Hapa Kisangani kompyuta haipatikani kwa urahisi. Nyingine imepanda mto toka Kinshasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,700. Nyingine imefika kwa lori kwa njia ya Bunia. Na si chache zilizokwisha tumika miaka kadhaa katika maofisi ya Ulaya. Mzazi huweka akiba miezi mingi ili kijana wake afungue kibanda cha kuchapa barua na kazi za wanafunzi. Kisha siku moja sanduku linafunguliwa lipanguswe vumbi, au ubao unahamishiwa sanduku jingine. Kitufe kinabonyezwa: kimya! Hapo watu husema, "Mashine imekufa," nayo huuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Labda imekufa kweli. Lakini yafaa kwanza kuzitazama nyaya za mbele.

KAZI YA NYAYA HIZO

Usoni mwa sanduku mna kitufe cha kuwasha, mara nyingi na kitufe cha kuanzisha upya, na taa mbili ndogo: moja huonyesha kwamba mashine i macho, ya pili humeta diski inapofanya kazi. Kila kimoja kina waya wake uendao kwenye ubao mkuu, ambao mafundi wetu kwa Kifaransa huuita carte mère.

Zamani, katika mashine nyingi, umeme mkali wa ukutani ulifika hata kwenye kitufe cha mbele, nao uliweza kumdhuru fundi. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa kanuni iitwayo ATX, nayo ikabadili jambo hilo. Sasa kitufe hugusanisha pini mbili kwa kitambo kidogo tu; ubao hupokea ishara ile, ukaamuru kisanduku cha umeme kiamke. Ni kama mtu apigaye hodi: hafungui mlango yeye, humwamsha aliye ndani. Basi hodi ikipigwa kwenye ukuta badala ya mlango, nani atasikia?

NAMNA YA KUZIUNGANISHA

Kwanza, chomoa waya wa umeme ukutani. Pili, soma. Kwenye vichwa vya nyaya pameandikwa vifupisho vya Kiingereza, na vijana wetu waliosoma kwa Kifaransa wasiviogope, maana ni vinne tu. POWER SW ni kitufe cha kuwasha. RESET SW ni kitufe cha kuanzisha upya. POWER LED ni taa ya umeme. HDD LED ni taa ya diski.

Katika mbao nyingi pini za nyaya hizo ni 9, kwa safu mbili. Safu moja ina pini 1, 3, 5, 7 na 9. Ya pili ina 2, 4, 6 na 8, na mahali pa 10 pameachwa wazi. Pengo hilo ndilo litujulishalo kichwa na mkia. Pini 1 na 3 ni za taa ya diski. 2 na 4 ni za taa ya umeme. 5 na 7 ni za kuanzisha upya. 6 na 8 ni za kuwasha. Pini ya 9 haiungwi na kitu. Lakini si mbao zote zifuatazo mpango huo, hasa zile za mashine za maofisi, ambazo watengenezaji wake walijipangia wenyewe. Kwa hiyo soma kijitabu cha ubao, au maandishi yaliyochapwa kando ya pini. Kuuliza si ujinga.

Nyaya za vitufe hazina mbele wala nyuma. Ukizigeuza, zafanya kazi vilevile. Taa zina chanya na hasi: chanya ya taa ya diski huenda kwenye pini 1, na ya taa ya umeme kwenye pini 2. Kwa kawaida waya wenye rangi ni chanya, na mweupe au mweusi ni hasi. Ukikosea, taa haitawaka, wala hapana kilichoharibika. Zima, geuza, basi.

KUPIMA KABLA YA KUHUKUMU

Mashine ikikaa kimya, ondoa waya wa kitufe cha kuwasha, rudisha umeme, kisha gusanisha zile pini mbili za kuwasha, hizo tu, kwa ncha ya bisibisi, kitambo kidogo. Mashine ikiamka, ubao u hai, na kosa li katika kitufe au waya wake. Wala huna haja ya kungoja kipuri toka mbali: chukua waya wa RESET SW, uuchomeke mahali pa kuwasha, nacho kitufe kile kidogo kitafanya kazi ya mkubwa. Tena, mashine ikiwaka na kuzimika baada ya sekunde nne hivi, huenda kitufe kimenasa ndani. Ondoa waya wake, uone kama mashine itadumu.

NYAYA ZISIZOSAMEHE

Nyaya za matundu ya USB ya mbele ni jambo jingine. Hizo hubeba umeme wa volti 5, na katika masanduku mengine ya zamani kila waya una kichwa chake peke yake. Umeme ukipelekwa kwenye pini isiyo yake, kifaa kitakachochomekwa chaweza kuungua. Kichwa cha sauti nacho chafanana na cha USB, ila pengo lake li mahali pengine. Kikikataa kuingia, usikilazimishe.

Tufikiri sasa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani ajaye kibandani na flashi yake, ndani yake mna kazi ya mwaka mzima, wala hana nakala nyingine. Aichomeke usoni mwa mashine iliyofungwa kwa kubahatisha, na kazi yake yaweza kupotea.

Kwa hiyo fundi mwaminifu, kabla ya kuirudisha mashine kwa mwenyewe, hujaribu kila tundu la mbele kwa kifaa chake cha bei ndogo. Naye mwanafunzi asitoke nyumbani na nakala moja tu.