Kabla baba hajaleta nyumbani pikipiki kubwa ya bei chee

Picha iliingia kwenye simu saa mbili usiku, chakula kikiwa mezani. Pikipiki nyekundu, pua chini na mgongo juu, tairi la nyuma pana kuliko la bodaboda mara mbili. Chini yake dalali alikuwa ameandika maneno matatu: "Sita tu, bosi."

Baba mwenye nyumba, fundi umeme wa miaka 31 anayeishi Tabata jijini Dar es Salaam, hakumaliza ugali wake. Tangu akiwa kijana alikuwa akizitazama pikipiki za aina hiyo zikipita, na hakuwahi kudhani siku moja bei yake ingekaribia mfuko wake. Honda CBR600 ya mwaka 2003, inayotembea, kwa Sh6 milioni.

Mkewe alitazama picha, akarudisha simu, akauliza swali moja: "Baba, hizo sita zinatoka wapi?"

Wote wawili walijua jibu. Benki kulikuwa na Sh7.5 milioni, fedha za kuezeka nyumba yao iliyosimama kwenye linta huko Kivule.

Wanandoa hawa ni mfano tu, lakini mazungumzo yao yanafahamika katika nyumba nyingi. Mume anaona bahati ambayo haitarudi. Mke anaona bati zikiondoka. Wakianza kwa kelele, mmoja atashinda na mwingine ataweka kinyongo. Wakianza kwa hesabu, huenda wote wakajifunza kitu.

Kwa nini iwe rahisi?

Pikipiki za spoti zenye injini ya cc 600 hivi ni kundi linalojulikana duniani kote. Honda ilileta CBR600 mwaka 1987, na baadaye Yamaha R6, Suzuki GSX-R600 na Kawasaki ZX-6R zikaingia kwenye ushindani huo. Zilitengenezwa kwa wingi, na zinaendelea kuuzwa kutoka mkono hadi mkono. Ndiyo maana iliyokuwa ghali ikiwa mpya inaweza kuangukia bei ya kawaida baada ya miaka 20.

Lakini umri peke yake si sababu ya bei kushuka. Mwenye pikipiki anauza rahisi kwa sababu anahama au ana shida ya fedha. Anauza pia kwa sababu ameanguka nayo, au amechoka kutafuta spea, au kadi ina utata. Kazi ya mnunuzi ni kujua ipi kati ya sababu hizo ndiyo ya kweli, na mara nyingi dalali ndiye mtu wa mwisho atakayemwambia.

Nguvu inayozidi mazoea

Mume alikuwa na hoja yake. Kwa miaka minne amekwenda kazini na pikipiki ya cc 150, hajawahi kuvunjika hata kidole. "Mimi si mgeni barabarani," alisema.

Hoja hiyo ni ya kweli, ila inafika nusu ya njia. Pikipiki ya kawaida ya cc 150 inayobeba abiria mitaani ina nguvu za farasi takriban 12. Ya spoti ya cc 600 ina kati ya 100 na 120, kutegemea toleo. Uzito wake ni karibu kilo 190 au zaidi, nguvu ni mara nane hadi kumi. Kwa gia ya kwanza tu, nyingi zinapita kilomita 100 kwa saa, wakati kikomo cha mwendo kwenye maeneo ya makazi nchini ni kilomita 50 kwa saa. Dereva anaweza kuvunja sheria maradufu kabla hajabadilisha gia.

Breki nazo ni kali. Mkono uliozoea kuminya kwa nguvu breki ya pikipiki ndogo, ukifanya vivyo hivyo kwenye diski mbili za mbele juu ya mchanga uliomwagika barabarani, utamlaza dereva chini kabla hajajua kilichotokea.

Nchini Marekani, taasisi ya IIHS inayofanya utafiti wa usalama barabarani kwa niaba ya kampuni za bima ilichapisha mwaka 2007 ulinganisho wa vifo vya madereva wa pikipiki. Kwa kila pikipiki 10,000 zilizosajiliwa, madereva wa zile za spoti kali walikufa kwa kiwango cha karibu mara nne ya wale wa pikipiki za kawaida. Waliokufa kwa kawaida walikuwa vijana, na mwendo kasi ulitajwa sana.

Huko Ulaya, kijana anayeanza haruhusiwi kurukia pikipiki kama hiyo. Leseni ya daraja A2 inamwekea kikomo cha kilowati 35, takriban nguvu za farasi 47, na anakaa nayo angalau miaka miwili kabla ya kupanda daraja. Nyuma ya sheria hiyo kuna wazo rahisi: mkono hujifunza polepole.

Daftari la mama

Mke, anayeshona nguo na kuweka hesabu za kikundi cha kukopeshana, hakusema hapana. Alileta daftari.

"Sikatai, Baba," alisema. "Nataka tuandike vitu vyote, siyo hiyo sita peke yake."

Walimpigia fundi wanayemwamini na kumwomba makadirio. Pea ya tairi, Sh800,000. Hapa mume alishtuka, kwa kuwa tairi za pikipiki yake hazifikii hata robo ya fedha hiyo. Fundi alimweleza kwamba nyingi za spoti hizi hutumia saizi 120/70 mbele na 180/55 nyuma, zote za rimu ya inchi 17, na tairi la bodaboda haliingii. Tena zinaisha haraka, kwa sababu zimetengenezwa kwa mpira laini unaong'ang'ania lami.

Cheni na spoketi zake, Sh350,000. Oili, chujio na pedi za breki, Sh250,000. Sili za shokapu za mbele, Sh150,000. Betri, Sh200,000. Bima na gharama za kuhamisha kadi, Sh250,000.

Kisha mke akaandika mstari ambao mume hakuwa ameufikiria: kofia ngumu nzuri, jaketi, glovu na viatu vya kufunika kifundo cha mguu, Sh1 milioni. Uchambuzi wa tafiti nyingi za nchi mbalimbali umeonyesha kuwa kofia ngumu inapunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kofia ya kuning'iniza kwenye usukani ili trafiki aione haimo kwenye hesabu hiyo.

Jumla ikawa Sh3 milioni. Pikipiki ya sita ilikuwa ya tisa, na benki kulikuwa na saba na nusu.

Halafu yako matumizi ya kila wiki. Ya cc 600 inakwenda kilomita 15 hadi 20 kwa lita moja, kutegemea mkono wa dereva. Ya cc 150 inaweza kwenda zaidi ya mara mbili ya hapo. Kiti cha nyuma ni kidogo na kimeinuka juu. Mama hawezi kukaa hapo na mtoto, wala gunia la mkaa halina pa kufungwa. Kava ya chini inakwaruza kwenye matuta. Katika foleni ya mchana, injini hupata joto, feni ya rejeta huwaka, na mapaja ya dereva huungua taratibu.

Kingine ni bima. Ile ndogo ya lazima, ya mtu wa tatu, inamlipa aliyegongwa. Dereva akianguka mwenyewe haimlipii mguu wake, wala haimtengenezei pikipiki. Katika nyumba hii mwenye mguu huo ndiye anayepanda ngazi kufunga nyaya ili ada ilipwe.

Siku ya kuikagua

Mume alikubali hesabu, lakini moyo haukutulia. "Twende tukaione tu," alisema. Mkewe akakubali kwa masharti mawili: fundi aende nao, na fedha zibaki benki.

Walifika asubuhi bila kumwambia muuzaji saa kamili. Kitu cha kwanza fundi alichofanya ni kushika injini. Ilikuwa ya baridi, na hilo lilimfurahisha. Injini iliyopashwa moto kabla mteja hajafika huficha ugumu wa kuwaka na sauti za asubuhi. Iliwaka kwa mara ya pili, bila moshi wa bluu.

Akapima umeme wa betri injini ikizunguka. Mita ilisoma volti 14.1, na fundi umeme mwenyewe akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kama ingebaki 12 au chini, mfumo wa kuchaji ungekuwa na tatizo, jambo la kawaida kwenye pikipiki za umri huu.

Kisha fundi akachuchumaa kwenye tairi. Ubavuni mwa kila tairi kuna alama ya DOT, na mwisho wake namba nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. La nyuma lilisomeka 1412, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2012. Kashata zilikuwepo, lakini mpira ulikuwa mkavu, na nyufa ndogo zilionekana ubavuni. Tairi la namna hiyo linaweza kupendeza kwenye picha na kuteleza kwenye lami yenye maji.

Akahamia usukani. Ncha ya mkono wa kulia ilikuwa imesagwa. Mkono wa breki ulikuwa mpya, wa klachi wa zamani. Kava ya injini upande wa kulia ilikuwa na rangi mpya. Mwisho akageuza usukani mpaka ukafika mwisho, akamulika tochi chini ya shingo ya fremu. Pale usukani unapogota palikuwa pamebonyea.

"Hii imelala kulia, na haikulala ikiwa imesimama," fundi alimnong'oneza mume. Pikipiki ikianguka gereji inakwaruzika tu. Ikigonga mwendoni, usukani hupiga kwa nguvu na kuacha alama kwenye fremu. Fremu ikipinda, hakuna bei ya kuinyoosha inayoleta usingizi.

Ikabaki kadi. Namba ya chesesi iliyogongwa shingoni ililingana na ya kwenye kadi, lakini jina halikuwa la muuzaji. Alisema aliinunua kwa mtu, na mtu huyo yuko mikoani. Bila mwenye jina kusaini, umiliki hauhamishwi TRA, na faini za barabarani zinazodaiwa zinafuata namba ya chombo.

Bei ikashuka tena

Muuzaji aliona nyuso zao. "Basi leteni nne na nusu," alisema. "Leo leo."

Hapo ndipo penye mtego mkubwa kuliko wote. Saa moja kabla, mume alikuwa ameshakubali moyoni kuiacha. Sasa Sh1.5 milioni zilikuwa zimeokolewa, na hesabu za daftari zilianza kumfaa tena. Akageuka kumtazama mkewe.

"Baba," mke alisema kwa upole, "tulimwonyesha kasoro tatu, hakushangaa hata moja."

Hawakubishana tena. Walishukuru, wakaomba muda, wakapanda bajaji kurudi nyumbani.

Walichokubaliana

Njiani mume alikuwa kimya. Usiku alisema jambo ambalo hakuwa amelisema kwa siku zote hizo: tangu mtoto wa pili azaliwe, kila shilingi aliyoipata ilikuwa na mwenyewe. Pikipiki ile ingekuwa kitu chake mwenyewe. Mke alisikiliza. Akamwambia hilo ni tofauti na mambo ya tairi, na lilistahili kusemwa mapema.

Waliandika mambo manne kwenye ukurasa uleule. Bati zinunuliwe kwanza. Mume afungue akiba yake ndogo, isiyoguswa kwa ada wala kodi, hata kama ni Sh50,000 kwa mwezi. Fedha ya kwanza kutoka humo inunue kofia ngumu na glovu, avae hata kwenye pikipiki aliyonayo. Na akifikia kununua, aanze na ya cc 250 hivi, kadi ikiwa kwa jina la muuzaji.

Mume aliongeza la tano kwa mwandiko wake: siku ya kwenda kukagua, mama awepo.

Wiki iliyofuata dalali alituma picha nyingine. Ilikuwa ya bluu. Mume aliitazama kwa muda mrefu, akaikuza kwa vidole viwili mpaka kwenye ubavu wa tairi, akitafuta zile namba nne.