Neno Limo Lakini Halionekani: Utafutaji wa Kiswahili katika Hifadhidata

Mtafiti aliyeweka matini za Kiswahili katika hifadhidata ya kimahusiano huweza kutafuta neno akalikosa, ilhali limo. Hesabu ikitegemea jibu hilo, hitimisho la utafiti hupotoka.

Chanzo cha kwanza ni ritifaa. Katika lugha ya SQL, alama hiyo ndiyo hufungua na kufunga matini; kwa hivyo ng'ombe sharti aandikwe 'ng''ombe', la sivyo amri hukataliwa.

Cha pili ni mofolojia. Faharasa ya matini huhifadhi maneno mazima. Anayetafuta soma hapati anasoma. Amri ya LIKE '%soma%' hulipata, lakini hupekua kila safu mlalo, tena huleta hata Msomali. Afadhali mzizi -som- uwekwe katika safu wima yake. Mashine haijui sarufi. Huwekewa na mwanaisimu.